Ndugu zangu wanataka kuliuza gari la marehemu baba, mimi nataka kulifufua

Shikamoo Mama Mshauri. Pole na kazi ya kutusikiliza.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi na mume wangu hapa Moshi mjini. Kwetu nilikozaliwa ni Uru. Nina mgahawa mdogo. Jambo ninalokuandikia wengine wanaliona dogo, lakini limeshanikosanisha na kaka yangu, na nyumbani kwangu limeanza kuleta maneno.

Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita. Alimwacha mama, watoto wanne, kihamba (shamba letu la ukoo la migomba na kahawa), ng'ombe wawili na Land Rover. Ni ile ndefu, 109, Series III ya petroli, kwenye kadi imeandikwa mwaka 1978. Aliinunua kwa mtu, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Msimu wa kahawa ilibeba magunia ya nusu ya kijiji kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Miezi mingine ilikuwa ndizi za kushusha sokoni Kiborloni, mchanga, mbao, maharusi, wajawazito usiku wa manane na majeneza kutoka hospitali. Karo zetu wote wanne zilitoka humo. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia baba tochi akiwa chini ya gari. Kile kitufe cha njano anachokididimiza ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na ule mti wa gia wenye kichwa chekundu wa kupandia milima wakati wa masika, nilivijua kabla sijaijua tebo ya saba.

Gari lilisimama mwaka 2011. Gia boksi ilikuwa inalia, breki zikawa hazishiki, na baba naye miguu ilishaanza kumsumbua. Alilisukumia pembeni ya banda la ng'ombe, chini ya mparachichi, akasema atalitengeneza kahawa ikipanda bei. Hakulitengeneza. Leo matairi yote yamekaa chini, panya wamekula nyaya, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma na majani yamejaa mpaka kwenye dashibodi. Ila bodi ukiifuta vumbi iko vilevile, haina kutu hata kidogo.

Sasa kaka yetu mkubwa, anayeishi Arusha, amepata mtu wa kulinunua kwa milioni nne taslimu. Tangu lile tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 naona hata huku vijijini watu wanaulizia magari ya zamani. Kaka anasema tuuze, tugawane, mama apate cha kwake, biashara iishe. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa mila yetu ndiye aliyerithi kihamba cha nyumbani, anasema gari liko kwenye kihamba chake na yeye ameshachoka kulizunguka akienda kukata majani, hata wa chuma chakavu wakija walichukue. Dada yetu aliyeolewa Dodoma anasema atafuata wengi. Nikimuuliza mama ananijibu, "Fanyeni mnavyoona," halafu ananyanyuka anaenda kwa ng'ombe wake.

Mimi nina akiba ya milioni tatu na laki mbili, nimeipata kwenye mgao wa VICOBA (kikundi chetu cha kuweka na kukopa) na mgahawa. Nilimpeleka fundi, mzee aliyekuwa akimtengenezea baba tangu zamani. Akalizunguka, akapiga magoti, akaniambia nikiwa na milioni tatu gari litatembea. Fundi mwingine nikamweleza kwa simu, akasema bila milioni nane nisijisumbue. Mimi nawaza likitembea nitaajiri mtu alibebeshe mizigo, au nilikodishe kwa watu wa utalii, hela irudi. Ile pesa kwa kweli tulikuwa tumepanga na mume wangu iende kwenye kupaua nyumba yetu, kuta zimeshafika kwenye lenta. Mume wangu si mtu mbaya na hajawahi kunifokea. Siku nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama Upendo, baba hayumo humo ndani." Nililia usiku kucha.

Kaka ametupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nina haki ya kuwazuia? Nitoe akiba yangu? Au nikubali liende? Naomba unisaidie, maana nikilifikiria likiburuzwa kwenye lori kifua kinanibana.

Binti wa Uru

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya baba kwanza, maana miaka minne si mingi, na barua yako yote inaonyesha kwamba kwako bado ni juzi.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa pande tatu. Ndugu wanataka kuuza na wamekuwekea tarehe. Mume anaiona akiba ikihama kutoka kwenye paa kwenda kwenye gari. Na wewe unaona kwamba ukisema ndiyo, kitu cha mwisho kilichobeba jasho la baba yako kinaondoka na mtu msiyemjua. Umeniuliza maswali matatu kwa mpigo, nami nitayapindua kidogo, kwa sababu naona kuna mambo umeyachukua kuwa yameshathibitika na bado hayajathibitika.

Hiyo tarehe ya kaka, kwa mfano. Umeniambia kadi ipo na imeandikwa mwaka 1978. Hukuniambia iko kwa nani, wala kama familia ilishafungua mirathi. Gari lina jina la marehemu. Marehemu hasaini mkataba wa mauziano, na mtoto hawezi kumsainia, awe wa kwanza au wa mwisho. Anayeweza kuuza, kugawa au kuhamisha umiliki ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kwa familia nyingi njia ni mahakama ya mwanzo: mnakaa kikao cha familia, mnaandika muhtasari na kumpendekeza mtu, mnaupeleka pamoja na cheti cha kifo, mahakama inatangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mteule anapewa barua yake. Baadaye anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyozigawa. Msimamizi anaweza kuwa mwanamke, nakwambia hilo kwa sababu najua vikao vya kwetu huwa vinalisahau.

Kama hilo halijafanyika, mwisho wa mwezi ujao hauna nguvu sana kama unavyoonekana. Huyo mnunuzi atakuwa ananunua mabati na injini bila karatasi, na pengine ndiyo maana bei ni milioni nne. Hata kaka yako huenda hajalifikiria hili, kwa hiyo usiliingize kama pingamizi. Liingize kama swali: kaka, huyu bwana akitaka kubadilisha kadi TRA, kwa watu wa mapato, nani atasaini? Sheria inakulinda ndiyo, lakini ndugu aliyetishiwa mahakama mezani kwa mama yake huwa hasahau. Wewe unajua kuliko mimi namna ya kumwingia.

Na mdogo wako. Mila ya kihamba cha nyumbani kwenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho naifahamu na sina nia ya kuivunja kwa barua moja. Ila gari kuegeshwa juu ya kihamba hakulifanyi kuwa migomba. Ni mali ya marehemu kama ng'ombe na godoro, na mama yenu anastahili kufikiriwa humo kabla ya nyinyi wote. Kahawa iliyolipia matairi ya gari lile nani aliichuma? Hata hivyo naomba umsikilize huyu kijana kwa sikio la pili. Ndiye anayeishi na hilo gari kila siku. Nyinyi wengine mnalikumbuka, yeye analizunguka akiwa na mzigo wa majani kichwani. Uchovu wake si dharau kwa baba.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Nilimwomba fundi mmoja wa Unga Limited, Arusha, mtu wa miaka mingi kwenye Land Rover, anieleze kama anavyomweleza mteja asiyejua kitu. Nimejifunza mengi na nataka uyapate yote.

Umefurahi kwamba bodi haina kutu. Mwanangu, bodi ya Land Rover hizo ni ya aluminiamu, kwa hiyo haiwezi kula kutu kama bati la gari jingine. Huo uzuri unadanganya. Chini yake kuna chesisi ya chuma, imeundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani kwenda nje. Rangi ya nje inaweza kuwa nzima wakati chuma kimebaki ganda. Sehemu za kuangalia kwanza ni ule mhimili wa nyuma kabisa unaobeba ndoano ya kuvutia, pale springi zinaposhikiliwa, na ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa unapoweka miguu. Kisha angalia kila mahali chuma kinapogusana na aluminiamu kwa boliti, maana penye unyevu vitu viwili hivyo hulana. Gari lako limekaa pembeni ya banda la ng'ombe, kwenye mvua za Uru, juu ya udongo ulionyonya mkojo na samadi kwa miaka yote hiyo. Chumvi za samadi zinakula chuma haraka. Fundi aliniambia achukue nyundo ndogo agongegonge chesisi taratibu toka mbele mpaka nyuma: palipo pazima panalia, palipooza panatoa mlio mfu, na bisibisi ikisukumwa inazama. Nusu siku ya kazi. Hiyo nusu siku ndiyo inayoamua kama mzee wako amesema kweli au fundi wa kwenye simu, na hakuna kati yao aliyeifanya.

Pili, asije mtu mwenye haraka akafunga betri na kupiga stata, au akalivuta na trekta ili "liamke". Injini iliyolala tangu 2011 huenda pistoni zake zimeshikana na silinda. Kwanza zitolewe plagi, imiminwe oili kidogo kwenye kila tundu, iachwe siku kadhaa ipenye. Halafu izungushwe kwa mkono, ile ya kizamani, kwa hendeli ya mbele. Kama hendeli ya baba bado iko chini ya kiti, itafute. Injini ikizunguka laini, umepata habari njema kubwa, maana hiyo ya petroli ya silinda nne, cc 2,286, ni injini nyepesi kuelewa na spea zake bado zinatengenezwa mpaka leo. Isipozunguka, hesabu inabadilika papo hapo. Petroli iliyobaki kwenye tangi imeshageuka gundi. Isiruhusiwe kufika kwenye kabureta. Kwa kujaribu, mafundi huchukua mafuta mapya kwenye dumu dogo na kuyapitishia mpira pembeni.

Neno alilokuambia mzee ni kwamba gari "litatembea". Namheshimu, na naamini anakutakia mema, tena huenda na yeye anamlilia rafiki yake kwa njia yake. Lakini kutembea na kusimama ni kazi mbili. Umesema mwenyewe breki zilikuwa hazishiki kabla halijaegeshwa. Tangu hapo mafuta ya breki yamekuwa yakinyonya maji, mipira ya masta silinda na ya silinda za magurudumu imekauka, mabomba yanaweza kuwa yametoboka. Barabara ya kushuka toka Uru unaijua. Kwenye bajeti yoyote utakayoandika, breki na usukani vikae juu ya rangi, juu ya viti, na juu ya injini pia. Matairi nayo: hata kama yangekuwa na kashata (meno) nzuri, mpira wa zamani hiyo unapasuka. Hizo za saizi 7.50-16 zinatakiwa nne na ya akiba. Weka gia boksi iliyokuwa inalia, weka nyaya zilizoliwa, na utaona jinsi milioni tatu inavyopungua kabla mtu hajagusa chesisi. Simaanishi haiwezekani. Wapo wanaofufua kidogo kidogo kwa miaka, mwezi huu breki, mwezi ule tangi, na wanafika. Kinachowaangusha wengi ni kutoa hela yote mwanzoni, ikaishia katikati, gari likabaki limefumuliwa vipande kwenye gereji ya mtu na kila ukipita unadaiwa.

Halafu hiyo biashara. Mzigo wa ndizi na mchanga aliobeba baba yako, siku hizi unabebwa na kirikuu na pikipiki za magurudumu matatu zinazokula mafuta kidogo sana. Land Rover ya petroli ya aina yako ikienda kilomita tano au sita kwa lita imejitahidi. Utalii nao una leseni zake, bima zake na ukaguzi wake, na mtu wa kampuni anataka gari lisilomkwamisha mgeni porini. Huenda likapata kazi ya harusi au ya kupigwa picha. Hilo sikatai, maana watu wanayapenda. Ila nakuomba ufanye zoezi moja: chukulia kwamba gari halitaingiza hata shilingi. Je, bado unalitaka? Kama jibu ni ndiyo, basi unajua unachonunua, na unaweza kuzungumza na mume wako kwa ukweli huo bila kujificha nyuma ya hesabu za mizigo. Kama jibu ni hapana, nalo ni jibu la heshima.

Kuna swali jingine nimelitafuta kwenye barua yako sikulikuta. Unaendesha? Umeniambia ulimshikia baba tochi, ulijua kitufe cha njano na mti mwekundu. Hukusema kama aliwahi kukupa usukani, au kama una leseni. Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu gari hili ukilifufua kuna mtu atalikalia kiti cha dereva, na nataka ujue ni nani unayemwona pale unapofumba macho. Kama ni wewe, pengine sehemu ya unachokitafuta ni kiti ambacho binti hakupewa. Kama ni baba, basi mume wako alikuwa anajaribu kukufikia kwa maneno yale, hata kama yalikuchoma.

Nimeyarudia sana hayo maneno yake. Alisema kweli, na bado kuna ukweli mwingine hakuugusa. Baba hayumo kwenye gari. Ila usiku wa kushika tochi umo, na wewe ndiye pekee kati ya wale wanne uliyekuwepo. Ndugu zako wakisema "tuuze", kwao wanauza gari bovu. Hawajui unachosikia wewe kwa sababu pengine hujawahi kuwaambia kama ulivyoniambia mimi. Umewaambia una milioni tatu na fundi. Jaribu kuwaambia habari ya tochi.

Njia ninazoziona mbele yako si mbili. Ipo ya kuomba muda mfupi na kugharamia ukaguzi tu, kwa sehemu ndogo ya akiba ambayo wewe na mume wako mmekubaliana, kwa sauti, kwamba hata ikipotea nyumba haitasimama. Hatari yake ni kwamba matokeo yanaweza kuwa mabaya na utakuwa umelipia kuvunjwa moyo. Lakini hata mkiuza, mtauza mkijua mnachouza, na bei inaweza kupanda.

Ipo ya kulichukua wewe liwe lako. Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo ninapokuogopea. Ukimwaga milioni tatu kwenye gari la mirathi bila makubaliano, fedha yako inayeyuka ndani ya mali ya watu watano. Mwakani likiwa linang'aa, yeyote anaweza kusema sasa limepata bei, tugawane. Nawe utadai gharama zako bila karatasi. Kwa hiyo kama unalitaka, msimamizi akupe wewe kwa maandishi, na mafungu ya mama na wenzako uyalipe au wayasamehe mbele ya mashahidi. Maana yake ni kwamba gharama ya gari si milioni tatu za fundi peke yake. Ongeza na mafungu ya ndugu. Kadi ibadilishwe jina kabla ya kununua hata plagi. Ukienda TRA uulize pia kama gari la miaka hiyo limo kwenye mfumo wao wa sasa. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo hilo lisikutishe kwa siku zijazo, lakini hali ya nyuma ya gari lenu waulize wao wenyewe dirishani.

Ipo ya kuuza, kwa utaratibu. Kuuza hakumfuti baba. Huyo mnunuzi kama kweli anayafufua, huenda gari likaonekana tena barabarani wakati kwako lingeozea chini ya mparachichi. Unaweza kuomba kuonana naye, kumwuliza anataka kulifanyia nini, kumwomba abaki na namba yako. Hatari ni kwamba akisema atalikata spea hutakuwa na la kumzuia, na itabidi uishi na hilo.

Na ipo ya kusubiri, kama wengi watakubali. Litolewe pale kwa ng'ombe, lipandishwe juu ya magogo au matofali imara chesisi isiguse udongo, mafuta ya zamani yamwagwe, majani na viota vitolewe, liezekewe bati chache huku hewa ikipita. Mdogo wako apate njia yake. Ni gharama ndogo na inapunguza uharibifu. Ubaya wake unaujua kuliko mimi, kwa sababu baba naye alisema atasubiri kahawa ipande bei. Ukichagua hii, weka tarehe ya kulizungumza tena, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Kuhusu mume wako, sitakuambia umtii wala umshinde. Hiyo fedha mliipangia paa mkiwa wawili, kwa hiyo ikihama inatakiwa ihame mkiwa wawili. Mpeleke Uru siku mojawapo, mkiwa mmemaliza kulisafisha gari angalau ndani. Aone. Huenda akabaki na msimamo wake, na ana haki, mvua zikija kuta zisizo na paa nazo zinaharibika kama chesisi. Lakini huenda pia akaja na fungu: kiasi hiki bati, kiasi hiki gari, na kiasi kilichobaki kiendelee kukua kwenye VICOBA. Wanandoa wengi wanagombania yote au hakuna wakati hesabu ya tatu ilikuwepo.

Nimemwacha mama mwisho kwa makusudi. "Fanyeni mnavyoona" inaweza kuwa na maana kwamba hajali. Inaweza pia kuwa mama anayeogopa kuwatenganisha watoto wake akisema anachotaka. Hujanieleza hata mara moja mlipozungumza naye mkiwa wawili tu, bila kaka, bila simu, bila fundi. Nenda ukamsaidie kukata majani ya ng'ombe. Usimuulize kama liuzwe. Muulize gari lilifikaje pale nyumbani, siku ya kwanza, na lilinunuliwa kwa hela ya nini. Mwache azungumze mpaka achoke mwenyewe.

Wiki hii tafuta kadi iko kwa nani, na uulize ndugu zako kama kuna barua ya mirathi. Hayo mawili hayahitaji akiba wala ugomvi. Ukishayajua, na fundi akishagonga hiyo chesisi, niandikie tena unieleze alichosema mama, tuzungumze vizuri habari ya paa na ya gari kwa pamoja.